Seva Inayokawia Kuwaka kwa Sababu ya Diski ya Nje

Katika chuo kikuu ambamo umeme hukatika mara kwa mara, seva huwashwa upya kila umeme unaporejea. Kwa hiyo kukawia kwa dakika mbili au tatu, ambako kwingineko kungepuuzwa, hapo huwa kero ya kila wiki, na lawama hutupiwa uzee wa mashine. Yafaa kwanza kuitazama diski ya nje iliyochomekwa nyuma yake kwa ajili ya nakala za akiba.

Jaribio la awali ni jepesi: seva izimwe kwa utaratibu, diski ichomolewe, kisha mashine iwashwe huku muda ukipimwa. Ikiwaka upesi, chanzo kimepatikana, ila hatua inayokwama bado haijajulikana. Ikiwa mashine husita kabla mfumo wa uendeshaji haujaanza, huenda BIOS au UEFI inautafuta mfumo huo ndani ya diski ya nje. Basi mipangilio ifunguliwe na diski ya ndani itangulizwe.

Kusita kukitokea baadaye, katika Linux zinazotumia systemd, amri ya journalctl -b huonyesha kifaa kilichokuwa kikisubiriwa. Aghalabu siri imo katika faili ya /etc/fstab. Diski iliyoandikwa humo husubiriwa kwa kawaida hadi sekunde 90. Isipoonekana, mfumo huingia katika hali ya dharura, na kama hakuna mtu karibu, seva hubaki hivyo usiku kucha.

Hapa Kiswahili kinasaidia kutenganisha mambo mawili. Kuchomeka ni kuunganisha waya. Kupachika ni kuipa diski mahali pake katika mti wa faili. Diski yaweza kuwa imechomekwa bila kupachikwa. Hutokea hivyo hasa inapotajwa kwa jina kama /dev/sdb1, ambalo hubadilika kufuatana na mpangilio wa diski kugunduliwa. UUID ni salama zaidi. Neno nofail likiongezwa katika mstari wake, mfumo huendelea kuwaka bila kuisubiri.

Wengi huishia hapo, na hapo ndipo hatari kubwa kuliko kukawia kwenyewe inapoanza. Diski isipopachikwa, programu ya kunakili huendelea kuandika katika saraka ile ile, ambayo sasa ni tupu na imo ndani ya diski ya ndani. Diski ya ndani hujaa, na tasnifu zinazodhaniwa kuwa mahali pawili zimo mahali pamoja tu. Kwa hiyo kabla ya kila unakili, amri ya mountpoint itumiwe kuhakikisha kuwa diski imepachikwa kweli. La sivyo, kazi isimame na msimamizi aarifiwe.

Aidha, si kila kusubiri ni kosa. Umeme ukikatika ghafla, mfumo waweza kuikagua diski kabla ya kuipachika, na ukaguzi huo usifutwe kwa ajili ya haraka. Pengine diski hukosa nguvu: tundu la USB 2.0 hutoa miliampia 500 tu, na diski nyingine huzunguka, ikazima, ikaanza tena. Ipewe umeme wake yenyewe. Ikiendelea kusita, amri ya smartctl ionyeshe hali yake. Sekta mbovu zikizidi kuongezeka, data inakiliwe kwingine siku hiyo hiyo.