Upigaji na Usawazishaji wa Ribiti za Kuzama: Kutoka Ganda la Meli ya Liemba hadi Uso wa Ndege

Makala haya yanafafanua namna ribiti ya kuzama inavyopigwa na kusawazishwa. Ribiti ya kuzama ni ile ambayo kichwa chake hukaa ndani ya bamba, sawa na uso wake, hata kiganja kikipita juu yake kisikwazwe. Hoja kuu ni kwamba usawazishaji haurekebishi shimo baya. Kazi yake ni kuondoa ziada ya metali iliyoachwa makusudi ili shimo lijae.

Magharibi mwa Tanzania, mfano mashuhuri wa kazi ya ribiti ni meli ya Liemba. Iliundwa mwaka 1913 katika kiwanda cha Meyer mjini Papenburg, Ujerumani, kwa jina la Graf von Goetzen, kisha ikafunguliwa na kupakiwa katika makasha yapatayo 5,000. Kutoka Dar es Salaam makasha yalisafirishwa kwa Reli ya Kati, ambayo kwa sehemu kubwa hufuata njia ya kale ya misafara iliyopita Tabora kuelekea Ujiji. Reli hiyo ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Huko Kigoma, mafundi wakiongozwa na Anton Rüter waliyaunganisha mabamba kwa ribiti, na meli ikashushwa majini Februari 1915.

Katika uundaji wa meli wa enzi hiyo, ribiti ya kuzama ilipashwa moto hadi ikaiva, ikapenyezwa kutoka ndani na kuegemezwa kizito cha chuma. Ncha yake ilipigwa nyundo kwa nje hadi ikajaza mdomo wa shimo uliopanuliwa kama faneli, na metali iliyozidi ikakatwa kwa tindo. Ribiti ilipopoa ilinywea na kuyabana mabamba.

Ribiti ya alumini ya ndege kwa kawaida hupigwa baridi. Hivyo haibani kwa kunywea, bali kwa kulijaza shimo. Utafiti wa NACA nchini Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1940, ulionyesha kuwa ribiti iliyoachwa ikichomoza kidogo kabla ya kupigwa, kisha ikakwanguliwa, hukaza kuliko iliyozamishwa chini ya uso.

Kutokana na hayo, masharti matatu ni ya lazima. Kwanza, pembe ya mdomo wa shimo ilingane na ya kichwa, ambayo mara nyingi ni nyuzi 100. Pili, mdomo usipenye unene wote wa bamba, kwani ukingo wake huwa mkali kama wembe na kuanzisha ufa. Bamba jembamba hubonyezwa badala ya kuchimbwa. Tatu, kisu cha kukwangulia kiwekewe kizuizi cha kina ili kisiguse bamba, kwa sababu mabamba mengi ya ndege yana utando mwembamba wa alumini safi unaoyakinga na kutu.

Ribiti iliyolegea, ikishakwanguliwa, hufanana kwa macho na iliyokaza. Kwa hiyo mkaguzi anayesubiri uso ung'ae huwa amechelewa: kina cha mdomo hukaguliwa kabla ya ribiti kuingizwa, na kimo cha kichwa hupimwa kabla ya kisu kupita. Baada ya hapo ushahidi wa awali huwa umeondoka pamoja na chembe za metali.