Nguzo ya Maji Katika Picha

Tuitazame picha hii kwa utulivu. Ilipigwa kutoka ndege ya Kijapani asubuhi ya Jumapili, tarehe 7 Desemba 1941, juu ya bandari ya Pearl Harbor, Hawaii. Kando ya kisiwa cha Ford zimepangwa manowari za Marekani, baadhi mbili mbili. Katikati ya maji imesimama nguzo nyeupe: topido imekwisha kupiga.

Arizona ingali nzima pichani. Muda mfupi baadaye ililipuka, wakafa watu wake 1,177, miongoni mwa Wamarekani 2,403 waliouawa siku ile. Mpigaji picha alinasa meli. Waliokuwa ndani hawaonekani.

Balaa ile haikukaa mbali nasi. Mwezi wa Aprili 1942 Wajapani waliishambulia Colombo, na kundi la manowari za Uingereza katika Bahari ya Hindi likahamishia makao yake Kilindini, mlangoni petu.

Basi wazazi wenzetu, mtoto akiiona picha hii na kuuliza nani alishinda, tusikimbilie kumjibu. Kwanza tumwonyeshe ile meli nzima, tumwambie ndani yake mlikuwa na watoto wa watu.