Je, Wajua? Darubini Ndogo Zinazopima Mng'ao wa Nyota

• Je, wajua kuwa setilaiti ya kwanza ya kuchunguza nyota kwa eksirei ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi? Ilikuwa tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikapewa jina Uhuru. Haikubeba darubini ya mwanga wa kawaida.

• Kasoro hiyo iliondolewa kwenye setilaiti za baadaye. XMM-Newton ya Ulaya (1999) na Swift ya Marekani (2004) kila moja ilibeba darubini ndogo yenye kioo cha sentimita 30 tu, ikielekea upande uleule wa darubini za eksirei.

• Kwa nini ziwe pamoja? Mng'ao wa nyota na eksirei zake huweza kubadilika ndani ya dakika chache. Ukisubiri usiku uingie au mawingu yaondoke duniani, tukio limekwisha.

• Faida nyingine ni urujuanimno. Sehemu kubwa ya miale hiyo huzuiwa na ozoni isifike ardhini. Huko juu hakuna kizuizi.

• Darubini hizi huhesabu fotoni mojamoja. Nyota iking'aa mno, fotoni mbili hutua mahali pamoja kwa wakati mmoja zikahesabiwa kuwa moja, kama konda anayehesabu abiria wanaobanana mlangoni. Wataalamu hurekebisha hesabu kwa fomula.

• Vipimo vya mng'ao huenda kinyume: namba ikiwa ndogo, nyota inang'aa zaidi. Tofauti ya daraja 5 ni sawa na mng'ao mara 100.

• Tarehe 19 Machi 2008, Swift iligundua mlipuko wa miale ya gama ambao mwanga wake ulifikia daraja la 5.3, kiasi cha kuonekana kwa macho matupu. Mwanga huo ulianza safari kabla Dunia haijaumbika.

• Agosti 2017, mgongano wa nyota mbili za nyutroni ulionekana umbali wa takriban miaka ya nuru milioni 130. Haikupita siku, Swift ikatazama: darubini ya eksirei haikuona kitu, ile ndogo ikanasa urujuanimno mkali uliofifia upesi. Bila kioo hicho cha sentimita 30, Swift ingetoka mikono mitupu.