Mwanafunzi Hudumu Shuleni kwa Muda Gani? Hesabu ya Kudumu na Matumizi Yake kwa Mwalimu

Mwalimu anayefungua daftari la mahudhurio mwishoni mwa mwaka hukuta majina ya aina tatu: ya watoto walioendelea na masomo, ya walioacha shule, na ya waliohamia shule nyingine. Mwalimu mkuu akimtaka aeleze ni sehemu gani ya wanafunzi wake hudumu shuleni, hana budi kwanza kuamua namna ya kuyahesabu majina ya aina ya tatu. Uamuzi huo huonekana mdogo, lakini waweza kuligeuza jibu zima. Katika makala haya tunakusudia kueleza njia ya takwimu iliyobuniwa kwa ajili ya tatizo la namna hiyo, tukitumia hesabu ambazo kila mwanachuo aziweza: kutoa, kugawanya na kuzidisha.

Chimbuko la Hesabu Hii

Hesabu ya kudumu ilianzia katika kuhesabu vifo. Mwaka 1662 John Graunt, mfanyabiashara wa London, alichapisha kitabu kilichotokana na orodha za vifo zilizokuwa zikitolewa mjini humo. Alikadiria kwamba katika kila watoto 100 waliozaliwa, 64 tu ndio waliofikia umri wa miaka 6, na 40 tu ndio waliofikia miaka 16. Mwaka 1693 mwanafalaki Edmond Halley alitayarisha jedwali la namna hiyo kutokana na kumbukumbu za mji wa Breslau, ambao siku hizi huitwa Wrocław na umo nchini Polandi.

Baadaye wataalamu walitambua kwamba hesabu hiyo hiyo yafaa kwa mambo mengi yasiyohusu kifo: muda apitishao mgonjwa kabla ya kupona, muda idumuo taa kabla ya kuungua, na muda akaao mwanafunzi shuleni kabla ya kuacha masomo. Katika mambo yote hayo pana mwanzo unaojulikana, pana tukio linaloangaliwa, na pana muda ulio kati ya hayo mawili.

Kumbukumbu Zilizokatika

Ugumu wa kazi hii ni kwamba tukio halionekani kwa kila mtu. Mtoto aliyehama mwishoni mwa mwaka wa pili twajua juu yake jambo moja la hakika, kwamba kwa miaka 2 hakuacha shule. Yaliyompata huko alikokwenda hayamo katika daftari letu. Kumbukumbu ya mtoto huyo tutaiita kumbukumbu iliyokatika. Ya mtoto ambaye bado yumo darasani siku tunapofunga hesabu ni ya aina hiyo pia.

Kumbukumbu iliyokatika ina habari ndani yake, na haifai kutupwa. Lakini pia haifai kulazimishwa iseme isichokijua. Mwaka 1958 Edward Kaplan na Paul Meier, ambao kila mmoja alikuwa ameandika makala yake juu ya tatizo hili, walichapisha kwa pamoja nchini Marekani njia ya kuitumia kumbukumbu ya namna hiyo kwa kadiri inavyofika. Kanuni yake ni nyepesi: kila mtu huhesabiwa kwa muda wote tuliomwona, kisha huondolewa katika hesabu bila ya kuandikwa kuwa amepatwa na tukio.

Mfano wa Kufanyia Kazi

Tuchukue mfano wa kubuni. Darasa la kwanza limeandikisha watoto 40, nasi twawafuata kwa miaka 4. Ili hesabu iwe rahisi, tuseme kwamba wanaohama huhama wakati wa likizo ya mwisho wa mwaka.

Mwaka wa 1: walioanza 40, walioacha 4, waliohama 6.
Mwaka wa 2: walioanza 30, walioacha 3, waliohama 2.
Mwaka wa 3: walioanza 25, walioacha 5, waliohama 4.
Mwaka wa 4: walioanza 16, walioacha 4, waliobaki 12.

Kwa kila mwaka tunagawanya idadi ya wasioacha kwa idadi ya walioanza mwaka huo. Mwaka wa kwanza ni 36 kwa 40, yaani asilimia 90. Mwaka wa pili ni 27 kwa 30, yaani asilimia 90 tena. Mwaka wa tatu ni 20 kwa 25, yaani asilimia 80. Mwaka wa nne ni 12 kwa 16, yaani asilimia 75.

Ili mtoto adumu miaka yote 4 ni lazima avuke kila mwaka kwa zamu yake. Kwa hiyo tunazidisha: 0.90 × 0.90 × 0.80 × 0.75 = 0.486. Makadirio yetu ni kwamba karibu watoto 49 katika kila 100 hudumu hadi mwisho wa mwaka wa nne.

Sasa tulinganishe na njia za mkato. Mwalimu anayegawanya 12 kwa 40 atapata asilimia 30, kwa kuwa amewatia waliohama katika kundi la watoro. Anayewahesabu wote 12 waliohama kana kwamba walidumu hadi mwisho atapata asilimia 60. Anayefuta majina yao kabisa atagawanya 12 kwa 28, naye atapata karibu asilimia 43. Daftari ni moja, na majibu ni matatu, yote yakiwa na kasoro. Shule moja yaweza kulaumiwa bure, na nyingine kusifiwa bure, kwa sababu ya hesabu tu.

Hatari ya Kila Mwaka

Njia hii hutufunulia jambo jingine. Mwaka wa kwanza waliacha watoto 4, na mwaka wa nne waliacha 4 vilevile. Anayetazama idadi peke yake atasema kwamba hali haikubadilika. Lakini 4 kati ya 40 ni asilimia 10, na 4 kati ya 16 ni asilimia 25. Hatari ya kuacha shule imekuwa mara mbili na nusu. Ikiwa kamati ya shule ina uwezo wa kuzitembelea familia za darasa moja tu, hesabu hii yaonyesha ni darasa lipi lianze.

Mwaka 1972 Mwingereza David Cox aliiendeleza kazi hii. Kwa njia yake mtafiti aweza kupima ni kwa kiasi gani hatari huongezeka au hupungua pamoja na mambo kadhaa kwa wakati mmoja, kama vile umbali wa nyumbani na umri wa kuanza shule. Hesabu zake huhitaji kompyuta, lakini msingi wake ni ule ule: kila tukio linapotokea, tunauliza ni akina nani waliokuwa bado katika hatari ya kupatwa nalo.

Tahadhari

Kwanza, njia hii huchukulia kwamba waliohama hawana tofauti kubwa na waliobaki kuhusu hatari ya kuacha shule. Iwapo “kuhama” ni jina la heshima tu la kuacha, hesabu itadanganya. Mwalimu aandike amehama pale tu shule aliyokwenda mtoto inapojulikana.

Pili, tukio lielezwe kabla ya kuhesabu. Je, asiyeonekana kwa wiki tatu ameacha shule? Aidha, wako wanaorudi. Arudiye baada ya kuhesabiwa kuwa ameacha aandikwe kwa kipindi kipya, na tarehe ya kwanza isifutwe.

Tatu, idadi ikiwa ndogo, mtoto mmoja hubadili asilimia sana. Katika mwaka wa nne wa mfano wetu, angeacha mmoja zaidi, asilimia 75 ingeshuka hadi karibu 69.

Kuifundisha Darasani

Wanafunzi wa darasa la tano au la sita waweza kuyaona haya kwa mbegu. Kila kikundi kipande mbegu 20 za kunde, na kila asubuhi kiandike zilizoota. Mbegu iliyofukuliwa na kuku siku ya tatu kabla ya kuota ni kumbukumbu iliyokatika. Waulizwe: tuiandike kuwa imekataa kuota? Wabishane kwanza, kisha mwalimu awaongoze kuona kwamba kwa siku mbili ilihesabiwa pamoja na zisizoota, na baada ya hapo imetoka katika hesabu.

Kwa mwanachuo aendaye mazoezi ya kufundisha, tunashauri aombe ruhusa ya mwalimu mkuu, achukue rejesta ya darasa moja la miaka iliyopita, naye atengeneze safu nne: walioanza, walioacha, waliohama, na sehemu iliyodumu. Majina ya watoto yasitolewe nje ya shule. Akiona mwaka ambao hatari imepanda ghafla, awaulize walimu wenyeji ni nini kilichotokea mwaka huo, kwani takwimu huonyesha mahali pa kuuliza, na sababu hujulikana kwa kuwasikiliza watu.