Kilo moja ya maganda inakuachia shilingi ngapi?

Mkulima wa kahawa Karagwe au Kyerwa husikia bei ya mnada, kisha hupokea malipo yaliyokwisha kukatwa: makato mengine kwa kilo, mengine kwa gunia. Leo tunaeleza namna ya kuyatenganisha kwa Maxima, programu ya bure ya aljebra inayopatikana pia kwa simu za Android. Chimbuko lake ni Macsyma, iliyoanza kutengenezwa chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1968.

Tuchukue mfano tu, si makato ya chama chochote. Herufi m ni kilo za maganda, b ni bei ya kilo mnadani, g ni idadi ya magunia. Ushuru ni shilingi 100 kwa kilo, usafiri 40 kwa kilo, gunia 2,000. Andika:

p: m*(b-100) - 40*m - 2000*g;
q: expand(p);
coeff(q, m);

Mstari wa pili unafungua mabano, usiuruke. Wa tatu unatoa kizigeu cha m, yaani kile kinachozidishwa na m. Jibu ni b-140. Bei ikiwa 4,000, kila kilo inakuachia 3,860 kabla ya kutoa gharama ya magunia. Ukiandika coeff(q, g). Utapata -2000, makato ya kila gunia.

Msikilizaji, chukua stakabadhi yako, weka namba zako. Hesabu isipolingana na malipo, una swali la kupeleka kwenye mkutano wa AMCOS: shilingi hizi za ziada kwa kila kilo ni za nini?