Kadi ya Kwanza, Kituo Kipi?

Tarehe 20 Julai 2024, Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ya Tanzania ilizindua mkoani Kigoma kazi inayoitwa rasmi "uboreshaji wa Daftari la Kudumu la Wapiga Kura". Kwa kijana aliyetoka kutimiza miaka 18, neno hilo linapotosha. Kinachoboreshwa ni kitu ambacho tayari kipo, naye jina lake halimo. Ni rahisi adhani shughuli hiyo ni ya wazazi wake. Kumbe mlengwa ni yeye. Daftari lilikuwa na watu 29,754,699, na Tume ilikadiria kuandikisha wapya 5,586,433.

Ibara ya 5 ya Katiba inampa kila raia aliyefikisha miaka 18 haki ya kupiga kura. Hata mwenye miaka 17 huandikishwa, mradi atakuwa ametimiza 18 ifikapo siku ya uchaguzi mkuu. Wengi hawakulijua hili, wakabaki nyumbani wakisubiri siku ya kuzaliwa, huku mashine za kuandikisha zikihamia mkoa mwingine.

Kazi ya kituoni ni fupi kuliko foleni yake. Mwandishi msaidizi huuliza majina, tarehe ya kuzaliwa na makazi. Mwendeshaji wa BVR, kifaa cha kielektroniki cha kuandikisha wapiga kura, huchukua alama za vidole, saini na picha, kisha kadi huchapwa hapo hapo, bila malipo. Mawakala wa vyama hukaa pembeni wakiangalia, kwa kuwa ndio wanaowajua wakazi wa eneo. Vituo hufunguliwa saa 2:00 asubuhi hadi saa 12:00 jioni.

Uamuzi mzito hufanyika kabla ya kufika kwenye foleni: kituo kipi? Mtu hupigia kura pale alipoandikishwa. Kwa mkulima au fundi mwenye makazi yasiyobadilika, swali hili halipo. Kwa mwanafunzi wa chuo, ndilo swali lenyewe.

Tuchukue mfano wa kijana wa Kigoma anayesoma Dar es Salaam. Kwao uandikishaji ulipoanza Julai 2024, vyuo vingi vilikuwa vikielekea likizo ndefu. Dar es Salaam zamu yake ilifika Machi 17 hadi 23, 2025, muhula ukiwa umepamba moto. Angeweza kujiandikisha nyumbani au karibu na chuo. Kujiandikisha kote kuwili ni kosa la jinai, na alama za vidole humfichua anayejaribu. Kilichopaswa kumwongoza ni tarehe moja, ya uchaguzi mkuu, Oktoba 29, 2025: siku hiyo angelala wapi?

Swali hili lina historia chungu. Mwaka 2010, wanafunzi wengi walijiandikisha vyuoni. Uchaguzi ulipofanyika Oktoba 31, vyuo vikuu vilikuwa bado havijafunguliwa. Kijana yuko Mwanza, kadi anayo mfukoni, jina lake limebandikwa ukutani kwenye kituo cha Dar es Salaam. Hakufanya kosa lolote, na bado hakupiga kura. Vijana wanapolaumiwa kwa uvivu, inafaa watu wakumbuke kwamba kalenda ya masomo nayo huwanyima kura.

Kuna mtego mwingine. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024 ulitumia orodha yake yenyewe, iliyoandaliwa Oktoba 11 hadi 20 chini ya TAMISEMI, wizara inayosimamia serikali za mitaa. Aliyeandikwa kwenye orodha ile alichagua viongozi wa mtaa au kijiji, basi. Haikumwingiza kwenye Daftari la Kudumu, wala hakupewa kadi. Majirani wawili wangeweza wote kusema "nimeshajiandikisha" na kila mmoja akawa anazungumzia kitu tofauti.

Nje ya Tanzania Bara mambo hubadilika. Zanzibar ina Tume yake ya uchaguzi na masharti yake, likiwemo la ukaazi wa miaka mitatu. Nchini Kenya, kikwazo cha mwanzo ni karatasi nyingine: bila kitambulisho cha taifa au pasipoti, afisa wa IEBC, tume ya uchaguzi ya huko, hawezi kumsajili mtu. Mwezi mmoja wa usajili wa Oktoba 2021 ulilenga wapiga kura wapya milioni sita. Waliopatikana walikuwa takriban milioni moja na nusu.

Turudi Tanzania Bara. Sheria inaitaka Tume iboreshe Daftari mara mbili kati ya uchaguzi mkuu mmoja na mwingine, na kila eneo hupewa siku chache tu. Anayekosa awamu zote mbili huuona uchaguzi ukimpita akiwa mtu mzima. Mwenye kadi aliyehama naye hutumia siku hizo hizo kuhamisha taarifa zake. Yule wa Kigoma, akimaliza chuo na kupata kazi Arusha, itambidi asimame tena kwenye foleni, safari hii akiwa na kadi yake ya zamani mkononi.