Tulikwenda kwa Mwata Kazembe kuangalia Mutomboko

Bandugu wa mgodi na jamaa zenu, sisi wa Katanga tunavuka kwenda Zambia mara mingi. Tunakwenda kwa unga, kwa biashara, kwa matanga ya ndugu. Lakini kwenda kuangalia sikukuu yao tu, bila kuuza wala kununua kitu, ni wachache wanafanya. Mwaka jana tulikwenda watu sita, wote wafanyakazi wa shimo, kupitia njia ya Kasenga na kuvuka Luapula. Kila mwisho wa mwezi wa 7, kijiji cha Mwansabombwe kinajaa watu mpaka fasi ya kuweka mguu inakosa. Ni siku za Mutomboko, ngoma ya ushindi ya Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda wa upande ule. Tangu 1971 inachezwa kila mwaka.

Asubuhi Mwata anapakwa unga mweupe, anaombea wazee wake waliokufa, halafu anakwenda mto Ng'ona kutupa chakula na kinywaji ndani ya maji. Hapa njo hadithi inatugusa sisi. Walunda hawa walitoka huku kwetu, kwa Mwant Yav, ambaye musumba yake iko hata leo upande wa Kapanga. Wanahadithia kwamba mkubwa mmoja, Mutanda Yembeyembe, alikuwa na fasi ya kutoa chumvi na aliificha. Chinyanta akaifunua kwa Mwant Yav. Mutanda akakasirika, akamzamisha Chinyanta pamoja na ndugu yake Kasombola katika mto Mukelweji. Mtoto wa Chinyanta, Ng'anga Bilonda, akawa Mwata Kazembe wa kwanza. Chakula kinachotupwa majini ni cha wale wawili. Watu waliuawa sababu mmoja alisema mali ya udongo iko wapi! Delege wa sendika akisikia ile hadithi, hawezi kuisikia sawa vile mtalii.

Mchana Mwata anabebwa juu ya mabega, ngoma zinalia, kila mtu anapiga makofi. Halafu anasimama mwenyewe, na shoka na upanga mkononi, anacheza. Pembeni kuko mahema ya wauza bia na wanasiasa wa kutosha. Ile sitaisemea mingi, tunaijua hata kwetu.

Tulipokuwa tunatafuta kivuli, mzee mmoja alituambia "Mwaiseni mukwai", maana yake karibuni, halafu akauliza: "Mwafuma kwi?" Mumetoka wapi? Kati yetu kulikuwa kamarade mmoja wa Kasai. Niliona amenyamaza. Kwetu ile sauti ya "wewe ni wa wapi?" iko na uzito wake. Wenye miaka yangu tunakumbuka 1992 na 1993, tulikuwa watoto, jamaa za Kasai zimelala kwenye stesheni ya Likasi na masanduku, wakingoja treni ya kuwatoa fasi walikozaliwa. Kamarade alijibu pole: "Mwene-Ditu, baba." Mzee hakujua hata Mwene-Ditu iko wapi. Alisogea tu kwenye benchi, akampa nafasi ya kukaa, akaanza kumweleza kila kitu Mwata alichovaa.

Zambia wanahesabu makabila 73, na mingi kati yao iko na sikukuu yake. Walozi wana Kuomboka, Litunga wao anahama na mtumbwi mkubwa wakati Zambezi inajaa maji. Wangoni wana Nc'wala mwezi wa 2, karibu ya Chipata. Waluvale wana Likumbi Lya Mize na makishi yao. Mtu wa kabila lingine anakwenda, anakula, anataniwa, anarudi nyumbani. Mungoni na Mubemba wanatukanana mbele ya watu kwa utani, na hakuna anayekwenda polisi.

Wengine watasema ni tabia yao tu, Wazambia ni wapole. Mimi sikubali. Ile kitu ilijengwa, na sehemu moja ilijengwa na watu wa kazi kama sisi. Mwaka 1951, katika kambi ya mgodi ya Luanshya, mtaalamu J. Clyde Mitchell aliangalia vijana wa Kibisa wakicheza Kalela siku ya mapumziko. Walivaa suruali safi na viatu vya kung'aa, walikuwa na "mfalme" wao na "dokta" wao, waliimba kusifu kwao na kucheka makabila mengine. Wale waliochekwa walisimama pale pale wakicheka nao. Na wakati ule ule, wachimbaji hao hao walikuwa na sendika moja tangu 1949. Wakubwa wa mgodi walikuwa wamezoea kusema na wafanyakazi kwa njia ya wazee wa kila kabila. Katika mgomo wa 1935, polisi walipoua watu sita Luanshya, wazee wale hawakuwa na nguvu yoyote. Mwaka 1953 wachimbaji walipiga kura, wazee wa kabila wakaondolewa katika mambo ya kazi. Ngoma ya Kalela haikuondolewa, waliendelea kuicheza.

Sasa tuangalie kwetu. Kuko kampuni moja, jina naliacha, ambako karatasi ya kuomba kazi inasomwa kwanza kwa jina la ukoo, halafu kwa kazi unayojua. Na sisi wenyewe, wakati wa kuchagua madelege, tunafanya nini? Mtu anauliza kwanza huyu ni mwana wa nani, kabla ya kuuliza kama ataweza kusimama mbele ya bosi juu ya kofia, buti na dawa ya watoto. Bosi anafurahi, maana watu wa Bukama hawatagoma juu ya mtu wa Mwene-Ditu, na wa Mwene-Ditu vile vile.

Mwezi wa 7 unaokuja tunataka kurudi Mwansabombwe, safari hii watu kumi na mbili pamoja na wake zetu. Kila mwezi kila mtu anaweka makuta kidogo kwa mshika sanduku wetu. Ni yule wa Mwene-Ditu.